Kipimo cha Usikivu

Kila fundisho kuhusu uaminifu, liwe la dini au la falsafa, hukabiliwa na ugumu mmoja usiokwepeka: ili mtu ajue kama mgeni aliye mbele yake ni mkweli au mwongo, hana budi kwanza kupokea kitu kutoka kwa mgeni huyo, liwe jina, hati au maneno machache ya kujieleza, na kupokea huko hutangulia hukumu. Kwa hiyo kuna kipindi, hata kiwe kifupi namna gani, ambacho msikilizaji amekwisha kutoa wakati wake na akili yake kwa asiyemjua, ilhali hana bado sababu yoyote ya kumwamini wala ya kumkataa. Swali linalochunguzwa hapa linahusu kipindi hicho: mgeni ana haki gani kwa msikilizaji, na msikilizaji ana haki gani kwa mgeni, kabla hawajafahamiana?

Swali hilo la kale lilipata umbo la kiufundi tarehe 15 Machi 2022, pale wasimamizi wa OpenSSL walipotangaza udhaifu wa kiusalama ulioandikishwa kwa namba CVE-2022-0778. OpenSSL ni maktaba ya programu, yaani mkusanyo wa msimbo uliokwisha kuandikwa ambao watunzi wa programu nyingine huuingiza katika kazi zao badala ya kuanza upya kila mara. Ilianzishwa mwaka 1998 juu ya msingi wa kazi ya Eric Young na Tim Hudson iliyoitwa SSLeay, na shughuli yake ni usimbaji fiche, ambao ni ufundi wa kugeuza ujumbe ili usomwe na mlengwa peke yake, pamoja na ufundi ulio ndugu yake wa kuthibitisha kwamba aliye upande wa pili ndiye anayedai kuwa. Seva nyingi za tovuti na za barua pepe duniani huitegemea. Udhaifu wenyewe, ulioripotiwa na Tavis Ormandy wa Google tarehe 24 Februari mwaka huohuo, haukufichua siri ya mtu wala haukumwezesha mvamizi kubadili hata herufi moja ya data. Uliwezesha jambo moja tu: yeyote aliyeweza kuikabidhi programu cheti kilichotungwa kwa hila aliifanya ianze hesabu isiyokwisha, na kwa kuwa haikwishi, waliokuwa wakingoja huduma ya programu hiyo hawakuipata. Madhara ya aina hii huitwa kunyima huduma.

Cheti, katika muktadha huu, ni hati ya kidijitali inayounganisha jina, kwa mfano jina la tovuti, na ufunguo wa umma, yaani namba ambayo mwenyewe huitoa hadharani ili wengine waitumie kumtambua na kuwasiliana naye kwa siri. Hati hiyo hubeba saini ya mamlaka ya vyeti, na mamlaka hiyo huweza kuthibitishwa na nyingine iliyo juu yake, hadi kufikia ile ambayo kompyuta imekwisha kuelekezwa kuiamini. Utaratibu huu ni wa busara, kwa sababu haumwamini mtu kwa kauli yake mwenyewe bali kwa ushahidi wa anayeaminika. Lakini saini haiwezi kukaguliwa kabla cheti hakijafunguliwa na kuchambuliwa sehemu zake, na humo katika kuchambua ndimo mtego ulimowekwa. Baadhi ya vyeti hutumia ufunguo unaotokana na mkunjo wa elipsi, ambao ni mlinganyo wa aljebra wenye nukta zinazoweza kujumlishwa kwa kanuni maalumu. Kila nukta hutambulishwa kwa namba mbili. Ili kuokoa nafasi, mwandishi wa cheti anaweza kuitaja ya kwanza tu, pamoja na alama ndogo inayosaidia kuipata ya pili, na msomaji wa cheti akalazimika kuitafuta hiyo ya pili mwenyewe kwa kukokotoa kipeuo cha pili.

Ukokotoaji huo haufanywi katika namba za kawaida, bali katika hesabu ya mabaki, ambamo kila jibu hugawanywa kwa namba moja iliyochaguliwa na kinachohifadhiwa ni baki peke yake. Namba hiyo ya kugawanyia inatakiwa iwe namba tasa, yaani namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Alberto Tonelli alichapisha njia ya kutafuta vipeuo vya namna hii mwaka 1891, na Daniel Shanks akaifikia upya katika miaka ya 1970. Njia yao ndiyo iliyotumiwa na OpenSSL. Inategemea ukweli mmoja kuhusu namba tasa: kigawanyo kikiwa tasa, 1 ina vipeuo viwili tu, 1 yenyewe na hasi moja. Kwa kigawanyo 13, vipeuo hivyo ni 1 na 12, na hakuna kingine. Kwa kigawanyo 15, ambacho si tasa, 4 mara 4 ni 16, na 16 ikigawanywa kwa 15 hubakiza 1, kwa hiyo 4 nayo ni kipeuo cha 1, ingawa si 1 wala si 14. Njia ya Tonelli na Shanks husogea kuelekea 1 hatua kwa hatua, na uhakika kwamba itafika umejengwa wote juu ya kutokuwapo kwa vipeuo vya ziada kama hiyo 4. Mtunzi wa cheti cha hila aliweza kutaja mwenyewe vigezo vya mkunjo wake, na miongoni mwa vigezo hivyo akaweka kigawanyo kisicho tasa. Programu haikuuliza kama ni tasa. Iliichukua namba ya mgeni kama alivyoitaja, ikaanza safari ambayo mwisho wake ulidhaminiwa na neno la mgeni huyohuyo.

Walioandika msimbo hawakusahau kabisa kuweka njia ya kutokea, na jambo hili linastahili kusemwa kwa uadilifu, kwa kuwa kosa lililojificha ndani ya tahadhari hufundisha zaidi kuliko kosa la kutojali. Kulikuwa na kihesabio kilichoanza na 1, kikaongezwa moja katika kila mzunguko, kisha kikalinganishwa na kikomo; kikilingana nacho, programu ilipaswa kukiri kushindwa na kutoka. Kikomo chenyewe hupungua kadiri hesabu inavyosonga, na ikiwa kigawanyo ni tasa, kikomo kinapofika 1 kazi huwa imekamilika, kwa hiyo hakuna haja ya kukiangalia tena. Kigawanyo kisipokuwa tasa, kikomo kiliweza kufika 1 huku kazi ikiwa bado. Kihesabio kilianza na 1, kikaongezwa kuwa 2 kabla ya kulinganishwa, na kwa kuwa 2 si sawa na 1, wala 3 si sawa nayo, wala namba yoyote inayofuata, njia ya kutokea ilikuwa imekwisha kupitwa. Msimbo uliuliza kama kihesabio ni sawa na kikomo, haukuuliza kama kimekizidi. Marekebisho yaliyoandaliwa na David Benjamin wa Google na Tomáš Mráz wa OpenSSL yalitengeneza mahali hapo, na matoleo yaliyosahihishwa, 1.1.1n na 3.0.2, yalitolewa siku ileile ya tangazo.

Maelezo yaliyoambatana na msimbo huo yalikuwa yameonya tangu awali kwamba kigawanyo lazima kiwe tasa, bila kusema kitatokea nini kisipokuwa hivyo. Hapa ndipo mwanafalsafa anapopaswa kusimama kwa muda mrefu zaidi. Ni rahisi kwa msomaji wa onyo hilo kufikiri kama mantiki ya kimapokeo inavyofikiri, kwamba kauli ni ya kweli au ya uongo na kwamba swali hujibiwa kwa usahihi au kwa makosa, na hakuna la tatu. Lakini uchunguzi si kauli. Uchunguzi ni tendo linalofanyika ndani ya wakati, na tendo lina uwezekano wa tatu ambao kauli haina, nao ni kutofika. Kazi ya Alan Turing ya mwaka 1936 ndiyo iliyouweka uwezekano huu katikati ya nadharia ya ukokotoaji, kwa kuwa kutokana nayo imethibitishwa kwamba hakuna utaratibu mmoja wa jumla unaoweza kuamua, kwa kila programu na kwa kila kitu inachopewa, kama programu hiyo itakoma. Ni kweli kwamba kwa hesabu moja mahususi, kama hii ya vipeuo, uthibitisho wa kukoma unaweza kupatikana, na kama ungetafutwa kwa uangalifu kosa lingeonekana. Hata hivyo somo la jumla linabaki: msikilizaji hawezi kutegemea kwamba hotuba ya mgeni itajifunga yenyewe, na kama kutakuwa na mwisho ulio wa hakika, mwisho huo utoke kwa msikilizaji.

Ni nini hasa anachonyang'anywa aliyenyimwa huduma? Wataalamu wa usalama wa habari hutaja mambo matatu yanayolindwa: usiri, ukamilifu wa data, na upatikanaji, yaani kuwapo kwa huduma pale inapohitajika. Maadili ya kawaida huyaelewa mawili ya kwanza bila taabu, kwa sababu yana majina ya dhambi yanayojulikana. Anayevunja usiri ni kama mwizi au mdaku, na anayebadili data ni mghushi. Udhaifu mashuhuri wa Heartbleed, uliotangazwa katika OpenSSL hiyohiyo tarehe 7 Aprili 2014, ulikuwa wa aina ya kwanza, kwani uliruhusu vipande vya kumbukumbu ya seva, vikiwamo hata vifunguo vya siri, visomwe na asiyehusika, na dunia ilishtuka kwa haki. Udhaifu wa mwaka 2022 haukuleta mshtuko wa kiasi hicho, ingawa wasimamizi wa OpenSSL waliupa daraja la juu la uzito. Mashine iliyonaswa haikuibiwa chochote. Haikulala wala haikuvunjika; ilikuwa ikifanya kazi kwa bidii kuliko wakati mwingine wowote, kichakataji chake kikitumika bila kupumzika, na kila hatua yake peke yake ilikuwa hesabu halali. Kilichoharibika ni uhusiano wake na wengine. Umakini wa kiumbe chochote chenye mipaka, awe mtu au chombo alichokiunda mtu, ni mali inayogawanywa, na ukimezwa wote na mmoja, wanaodhulumiwa ni wale waliokuwa kwenye foleni, ambao hawakumkosea mtu na ambao huenda hata wasijue kwa nini hawajibiwi. Kwa sababu hiyo kunyima huduma ni dhuluma kamili, wala si usumbufu tu, na kuifanya ndogo kwa hoja kwamba hakuna kilichopotea ni kuusahau wakati wa watu.

Falsafa ya maarifa imelijadili jambo la kupokea maneno ya wengine chini ya mada ya ushuhuda. David Hume aliona kwamba ushuhuda una thamani kwa kadiri tu uzoefu umeonyesha kwamba watu wa aina fulani husema kweli katika mambo ya aina fulani. Thomas Reid, katika kitabu chake cha mwaka 1764 kuhusu akili ya binadamu, alishikilia kinyume chake, kwamba mwelekeo wa kuamini tunachoambiwa umepandwa ndani ya maumbile, na kwamba bila mwelekeo huo mtoto asingejifunza lolote. Wote wawili waliuliza ni lini inafaa kuamini. Hakuna kati yao aliyeona haja ya kuuliza gharama ya kuelewa kinachosemwa kabla ya kuamua kukiamini, pengine kwa sababu kwa binadamu wanaozungumza ana kwa ana gharama hiyo ni ndogo na uchovu huikomesha. Chombo kisichochoka kimeifichua. Mwaka 1986 Annette Baier aliandika kwamba kuamini ni kukubali kuwa katika hali ambayo mwingine anaweza kukudhuru, na kesi ya cheti cha hila inaonyesha kwamba hali hiyo huanza mapema kuliko kuamini, kwa kuwa hata anayeshuku, madhali amekubali kufungua hati ili aikague, amekwisha kujiweka wazi.

Elimu ya Hadithi iliujua ugumu huu kwa karne nyingi kabla ya kompyuta, na ufanano wa mnyororo wa vyeti na isnadi, yaani orodha ya wapokezi ambao kila mmoja alipokea riwaya kwa aliyemtangulia, si wa juujuu. Katika yote mawili, kauli haisimami kwa nguvu ya msemaji wa mwisho, bali kwa uimara wa kila kiungo hadi kufikia chanzo. Amri ya Qurani, katika Sura al-Hujurat aya ya 6, ya kuchunguza habari inayoletwa na fasiki inachukulia kwamba habari hiyo imekwisha kusikika. Haimtaki muumini azibe masikio. Nao wanazuoni waliopima wapokezi walijua kwamba njia mojawapo ya kumpima mpokezi ni kuzikusanya riwaya zake na kuzilinganisha na za wengine walio thabiti, jambo lisilowezekana bila kuzisikiliza kwanza. Lakini walijua pia namna ya kukomesha usikivu. Kuhusu mpokezi ambaye hali yake imesitirika, msimamo wa Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, ni kwamba riwaya yake isikubaliwe wala isikataliwe moja kwa moja, bali isimamishwe hadi hali ya mwenyewe idhihirike. Kusimamisha huko, kunakoitwa tawaqufu, kwa nje kunafanana na kutojibu, kumbe ni kinyume chake. Anayesimamisha hukumu amefanya tendo lililokamilika. Ameandika kwamba hajui, ameeleza sababu, na sasa yuko huru kumgeukia mpokezi mwingine. Programu iliyonaswa haikusimamisha hukumu, kwa sababu haikufika mahali pa kuhukumu. Tofauti ya hali hizo mbili ni tofauti ya unyenyekevu wa kielimu na kupotea, na anayezichanganya atauita ustahimilivu kile ambacho ni udhaifu.

Linaweza kuletwa pingamizi kwamba ugumu wote huu ungeondoka kama programu ingethibitisha kwanza kuwa namba ya mgeni ni tasa. Pingamizi hili lina uzito, na pale ambapo kipimo cha utasa ni cha bei nafuu ni vyema kifanywe. Lakini halifiki kwenye mzizi, maana uthibitisho nao ni usikivu wa namna nyingine, na nao huweza kugeuzwa mtego. Mwezi Julai 2023 OpenSSL ilitangaza udhaifu uitwao CVE-2023-3446, ambao ulikaa ndani ya ukaguzi wenyewe. Kulikuwa na sehemu ya maktaba iliyokagua namba zinazotumiwa katika mbinu ya Diffie na Hellman, ambayo huwawezesha wawili wasiowahi kukutana kukubaliana juu ya siri moja hadharani. Sehemu hiyo iliweza kugundua kwamba namba iliyoletwa inazidi kikomo cha biti 10,000 na kuandika kwamba hilo ni kosa, kisha ikaendelea na vipimo vingine vilivyotumia namba ileile iliyokwisha kuonekana kuwa kubwa mno, na kwa namba kubwa vya kutosha muda uliotumika ulikuwa wa kupindukia. Mkaguzi alikuwa amekwisha kupata sababu ya kukataa, ila hakuacha kukagua. Kinachotakiwa, basi, si kutanguliza uthibitisho mmoja zaidi, kwa sababu kila uthibitisho utadai mwingine wa kuulinda. Kinachotakiwa ni kipimo ambacho msikilizaji anakijua kabla mgeni hajafungua kinywa, na ambacho hakuna alisemalo mgeni linaloweza kukirefusha.

Mjadala wa falsafa kuhusu ukarimu unanufaika na jambo hili kuliko unavyoweza kutarajiwa. Immanuel Kant, katika andiko lake la mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, alimpa mgeni haki ya kutotendewa kama adui anapofika katika ardhi ya wengine, lakini akaiita haki ya kuzuru, akaitenga na haki ya kukaa. Jacques Derrida, karne mbili baadaye, alisisitiza kwamba ukarimu uliokamilika humpokea ajaye bila kumuuliza hata jina, kwa kuwa kumuuliza jina ni kuanza kumwekea masharti. Naye alikiri kwamba ukarimu huo usio na masharti hauwezi kutendeka bila sheria zenye masharti. Katika mvutano huo kuuliza jina huonekana kuwa silaha ya mwenyeji, ulinzi anaoutumia dhidi ya mgeni. Kesi ya cheti inaonyesha upande ambao mjadala haukuutazama: kuuliza jina ni kujifungulia jibu, na jibu hilo laweza kuwa ndilo dhara lenyewe. Zaidi ya hayo, katika mawasiliano ya kawaida ya intaneti anayeulizwa cheti ni seva, na anayekisoma ni yule aliyekwenda kuitembelea. Seva husoma vyeti vya wageni wake pale tu inapoamua kuwadai. Hivyo aliyekuwa hatarini zaidi, katika hali ya kawaida, ni mzuru aliyemuuliza mwenyeji wake yeye ni nani. Mgawanyo wa mwenye nyumba mwenye nguvu na mgeni mnyonge haufai hapa. Kila anayesikiliza ni mwenyeji wa maneno, hata akiwa safarini.

Hekima ya Waswahili ililigusa jambo hili iliposema kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii mara nyingi huchukuliwa kuwa onyo kwa mgeni mvivu, lakini inastahili kusomwa pia kama kanuni ya mwenyeji. Haimtaki athibitishe nasaba ya mgeni kabla ya kumkaribisha, wala haisemi kwamba ukarimu udumu kadiri mgeni atakavyodai kuuhitaji. Inaupima ukarimu kwa hesabu ya siku, na hesabu hiyo iko mikononi mwa mwenyeji, imejulikana kabla mgeni hajabisha hodi, na inamhusu mwema na mwovu sawasawa. Mapokeo ya Kiislamu yanayoweka haki ya mgeni kuwa siku tatu, na yanayozidi kuwa sadaka, yanafuata njia hiyohiyo.

Ukarimu usiopimwa una mtetezi wake mashuhuri katika historia ya intaneti yenyewe. Mwaka 1980 Jon Postel, katika maelezo ya itifaki ya msingi ya mawasiliano, aliweka kanuni kwamba programu iwe makini katika inachokitoa na iwe pana katika inachokipokea kutoka kwa wengine. Kanuni hiyo ilikuwa na wema mkubwa ndani yake, na kuna sababu nzuri za kuamini kwamba mashine za watunzi wengi wasiofahamiana zisingeelewana mapema kiasi kile bila uvumilivu huo. Lakini uvumilivu una historia, na kinachovumiliwa leo hugeuka kuwa desturi kesho. Vyeti vinavyotaja vigezo vyote vya mkunjo badala ya kutaja jina la mkunjo unaojulikana vilikuwa vimekatazwa na kanuni za vyeti vya intaneti za mwaka 2009. Hata hivyo OpenSSL iliendelea kuvisoma, na usomaji huo ulikuwa mlango mmojawapo ambao mshambuliaji angeweza kuutumia. Yaani programu ilinaswa ikiwa katika kumsikiliza mgeni kwa lugha ambayo mgeni huyo hakuwa na ruhusa ya kuizungumza. Upana wa kupokea ni fadhila pale unapomwezesha mkweli aliyekosea asikike, na huacha kuwa fadhila pale ambapo hakuna mkweli yeyote anayeuhitaji tena, nao unabaki kwa mazoea.

Kuhusu lawama, si vigumu kuigawanya, ingawa wengi hupenda kuitua yote juu ya mmoja. Aliyetunga cheti cha hila kwa nia ya kudhuru anabeba dhambi ya dhuluma, na udhaifu wa aliyedhulumiwa haumpunguzii. Aliyeandika msimbo anabeba wajibu wa aina nyingine, unaofanana na ule ambao wanatheolojia wa Kiislamu waliujadili chini ya suala la kumkalifisha mtu asichokiweza: Mu'tazila walisema kwamba mzigo wa namna hiyo ni jambo baya ambalo Mungu mwadilifu halifanyi, na Ash'ari wakasema kwamba kiakili hakuna kinachomzuia Mungu kuuweka. Lolote liwalo kuhusu Mungu, binadamu hana mamlaka ya kukitwika kiumbe chenye mipaka, wala chombo anachokiunda, jukumu lisilo na mpaka, kisha akategemea wema wa wageni kuwa ndio mpaka. Mtunzi aliyeacha kikomo kiamuliwe na namba ya mgeni alikihamisha kipimo kutoka kwa anayewajibika nacho kwenda kwa asiyejulikana, na huko kuhamisha ndiko kosa la kimaadili, hata kama lilitendwa kwa nia njema na watu ambao kazi yao imewafaa mamilioni.

Kipimo, hata hivyo, hakikosi gharama, na anayekitetea hana budi kuitazama gharama hiyo uso kwa uso. Baada ya marekebisho ya mwaka 2022, hesabu ya vipeuo inapokutana na kigawanyo kisicho tasa na kufika kikomo chake, hutoa taarifa kwamba namba iliyoulizwa haina kipeuo cha pili, jambo ambalo huenda si kweli, kwa kuwa tatizo halikuwa katika namba iliyoulizwa bali katika kigawanyo. Baada ya marekebisho ya mwaka 2023, ukaguzi wa namba za Diffie na Hellman hukataa kuendelea na namba inayozidi biti 32,768, na mtu mwenye namba halali iliyo kubwa kuliko hiyo, kama yupo, anakataliwa pamoja na mlaghai. Haki ya mgeni mkweli imeguswa hapa, wala haifai kujifanya kwamba haikuguswa. Lakini aliyekataliwa ana kitu ambacho aliyeachwa akingoja hana. Anajua kwamba amefika na kwamba amesikilizwa hadi kiasi fulani. Anaweza kurudi na namba ndogo zaidi au kwenda kwingine. Na kwa kuwa msimbo wa OpenSSL uko wazi kwa yeyote kuusoma, anaweza kukiona kile kikomo kilichomkataa kikiwa kimeandikwa kwa tarakimu, akauliza kwa nini ni hicho na si kingine, na akadai kibadilishwe.